Tundu la pedi ya nozeli kwenye tangi la presha: kutoboa, kupima, kuacha wazi

Fundi kijana aliniuliza kwa nini weldi yake kuzunguka pedi ya nozeli (bamba la kuongeza nguvu linalochomelewa juu ya ukuta wa tangi, kuzunguka bomba fupi la kuunganishia, yaani nozeli) ilikuwa inatoboka kila akifika pa kufungia. Pedi haikuwa na tundu. Hewa iliyonaswa kati yake na ukuta wa tangi inapata moto na kutanuka, na pa kutokea ni palepale chuma kinapoyeyuka.

1. Toboa pedi ikiwa bado mezani. Ukisubiri mpaka imeshashikwa, drili inaweza kula ukuta wa tangi. Kanuni za ASME (chama cha wahandisi mitambo wa Marekani), Sehemu ya VIII, zinataka angalau tundu moja lisilozidi milimita 11. Mimi hukata ndani yake meno ya bomba la robo inchi, ya kufungia mpira wa hewa. Pedi ikiwa ya vipande viwili, kila kipande na tundu lake. Nozeli ikiwa ubavuni mwa tangi, tundu likae chini kabisa ili maji yatoke.

2. Chomelea. Weldi ya nozeli na tangi kwanza, isage, kisha pedi ilale vizuri bila mwanya. Tundu libaki wazi.

3. Pima kwa hewa kabla ya kupima tangi kwa maji. Hapa usifanye haraka. Maji yakitangulia yanaingia kwenye vitundu vidogo vya weldi na kuvificha, halafu hewa haivioni tena.

Funga mpira wa hewa kwenye tundu, uwe na regulata ya kupunguza presha, geji na vali ya usalama. Pandisha presha taratibu hadi baa 1, usivuke hapo. Usiunganishe kompresa moja kwa moja! Chukua pedi ya kipenyo cha milimita 400 kwenye nozeli ya milimita 168: baa 1 tu inaisukuma kwa nguvu ya kama tani 1. Kompresa ya baa 8 itaisukuma kwa zaidi ya tani 8, na pedi haikutengenezwa kubeba presha kutoka mgongoni.

Paka maji ya sabuni weldi ya nje ya pedi, weldi ya pedi na nozeli, kisha ingiza mkono au kioo ndani ya tangi upake na weldi ya nozeli. Hiyo ya ndani wengi wanairuka, na ndiyo inayozuia presha ya tangi. Mvujo mkubwa unapuliza sabuni hata usione povu. Mdogo unaota povu jeupe, laini, baada ya muda, kwa hiyo rudi tena ulipoanzia. Kwenye jua kali sabuni inakauka upesi, weka kivuli. Geji peke yake siiamini: ikishuka huenda ni kiungio cha mpira kinachovuja, na mvujo mdogo sana hauishushi.

4. Tangi likienda kwenye tanuri kulegeza mkazo wa weldi, tundu wazi. Kwenye nyuzi 600 hewa iliyofungiwa inakaribia mara tatu ya presha yake ya mwanzo, wakati chuma chenyewe kimelegea. Tone la maji likigeuka mvuke ni baya zaidi.

5. Kazini: wazi, au grisi. Plagi ya chuma hapana kabisa. Weldi ya nozeli ikipata ufa, kilichomo kinatokea tunduni na mtu anakiona. Ukiziba kwa chuma, presha yote inajaa nyuma ya pedi kimyakimya. Kwenye mitambo ya kusafisha mafuta, chembe za hidrojeni hupenya chuma, zikaungana kuwa gesi kwenye mwanya huo na kuvimbisha pedi hata kama hakuna ufa. Grisi inazuia mvua, na presha kidogo inaitoa. Waambie wapaka rangi wasizibe tundu kwa puti. Tangi likivikwa koti la kuzuia joto, toa kijibomba kivuke koti.

Ukikuta tundu linavuja tangi likiwa kazini, usilizibe kwa weldi wala plagi. Zima, shusha presha yote, safisha kilichomo, kisha tafuta ufa kwenye weldi ya nozeli kutoka ndani. Mara nyingi uko huko.