Tovuti ya kikoba: ijaribu juani kwanza

Kama wewe ndo umetupiwa kazi ya kutengeneza tovuti ya kikoba au jumuiya yenu, acha laptop kwanza. Chukua simu ya bei chee, ile yenye kioo kilichopasuka, toka nayo nje saa saba mchana uifungue juani. Yale maandishi ya kijivu uliyoyaona mazuri ofisini hayasomeki, si ndio? Viwango vya WCAG, yaani miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti itumike na watu wote hata wenye ulemavu, vinataka mwangaza wa maandishi ya kawaida uachane na wa rangi ya nyuma kwa angalau 4.5 kwa 1, na vikokotoo vya bure vipo kibao mtandaoni, unaweka rangi mbili vinakupa jibu.

Halafu rangi isiachiwe kazi peke yake. Sisi tuliweka duara jekundu kwa asiyelipa hisa na kijani kwa aliyelipa, mweka hazina wetu akawa anawapigia simu mpaka waliomaliza kulipa, kumbe rangi hizo mbili hazitofautishi na alikuwa anaona aibu kusema. Tukaandika "Amelipa" na "Bado", kesi ikaisha.

Kwenye fomu ndo kuna balaa. Jina weka kisanduku kimoja tu, si kila mtu ana majina matatu. Namba ya simu ipokee 07, ipokee 255, hata mtu akiacha nafasi katikati, kusafisha iachie kompyuta. Akikosea mwambie "namba imepungua tarakimu moja", na usimfutie alichojaza jamani, hapo ndo watu wanaghairi kabisa. Mkutano nao usiandike 2:00 PM, kuna watakaokuja saa mbili, andika "saa 8 mchana".

Kwa wasioona, weka lang="sw" kwenye msimbo (code) wa ukurasa kuonyesha lugha ni Kiswahili, la sivyo TalkBack, ile programu ya simu za Android inayosoma skrini kwa sauti, inaweza kukisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kizungu na haieleweki kitu. Kitufe chenye picha ya pipa la taka tu bila maandishi kipe jina, "Futa". Washa TalkBack, fumba macho, utafute salio lako mwenyewe uone kazi.

Picha zipunguze, bando ni hela.

Mwisho mpe simu mwanachama mzee kuliko wote, mwambie atafute salio, wewe kaa kimya, usimwonyeshe kwa kidole. Bibi mmoja kwetu alihangaika weee, vile vistari vitatu vya menyu alidhani ni pambo. Jioni ile ile tuliandika MENYU pembeni yake.