Jinsi ya kumwombea mtoto mwenye ulemavu nafasi ya shule Lubumbashi, tangu materneli

Hapa Lubumbashi wazazi wengi wanasubiri kwanza mtoto apone, ndipo watafute shule. Miaka inapita, mtoto anafikisha saba, anafikisha nane, na wadogo zake wanamtangulia darasani. Usisubiri. Matibabu na shule vinakwenda pamoja. Materneli, yaani shule ya watoto wadogo kabla ya shule ya msingi, inapokea watoto kuanzia miaka 3, na shule ya msingi kuanzia miaka 6. Mtoto ambaye bado hatembei anaweza leo hii kujifunza nyimbo, rangi, kuhesabu na kungoja zamu yake kati ya wenzake, na hata asipotembea kamwe atakuwa amejua kusoma.

Hatua ya kwanza: apimwe, na upate karatasi

Kwenye kliniki ya kupima kilo foleni ni ndefu, na muuguzi ana haraka ya uzito na chanjo. Usiondoke kabla ya kusema kinachokusumbua. Kama mtoto ana miezi 9 na hawezi kukaa bila kushikwa, kama ana miezi 18 na hajapiga hatua peke yake, kama hageuki ukimwita kwa nyuma, kama amefikisha mwaka na hatoi hata zile sauti za ba-ba na da-da, omba utumwe kwa daktari. Watakuambia nyumbani kwamba hata baba yake alichelewa kusema. Huenda ni kweli, lakini daktari ndiye wa kusema hivyo, akiisha kumpima.

Kuwahi kuna faida inayoonekana kwa macho. Mguu uliopinda tangu kuzaliwa unanyooshwa kwa gipsi zinazobadilishwa kila wiki, kisha mtoto anavaa usiku viatu vilivyounganishwa kwa chuma mpaka afike miaka 4 au 5. Kazi hiyo ikianza katika wiki za kwanza, kwa kawaida mtoto anaingia materneli akitembea kama wenzake. Sikio linalotoa usaha kila mara nalo linatibika, na likiachwa linaweza kupunguza usikivu. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mtu wa mazoezi ya viungo, yule tunayemwita kine, anamfundisha mama namna ya kumbeba, kumkalisha na kumlisha, na mazoezi hayo ya nyumbani kila siku ndiyo yanayojenga.

Jijini kuna hospitali ya Jason Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Popote utakapopimiwa, omba ripoti iliyoandikwa, yenye tarehe, sahihi na kashe, yaani muhuri. Na hapa mwombe daktari jambo moja zaidi: asiandike jina la ugonjwa tu. Aandike mtoto anaweza nini na anahitaji nini. Direkta wa shule akisoma jina refu la ugonjwa ataogopa. Akisoma kwamba mtoto anaona ubao akikaa mstari wa kwanza, atajua la kufanya.

Hatua ya pili: cheti cha kuzaliwa

Mtoto anaandikishwa kwenye eta sivili, ofisi ya vizazi na vifo ya komini (utawala wa sehemu yako ya jiji), katika siku 90 baada ya kuzaliwa, kwa karatasi ya maternite alikozaliwa. Zikipita, komini haiwezi tena kukuandikia moja kwa moja: inahitajika hukumu ya mahakama ya watoto, ndipo komini iandike. Watoto wenye ulemavu ndio wanaosahauliwa zaidi hapa, kwa sababu familia ilikuwa hospitali, au ilikuwa inamficha. Kama ni hivyo kwako, anza safari ya mahakama sasa, usingoje mwezi wa Agosti. Piga kopi kadhaa, na ile ya asili usimwachie mtu.

Kama feza haipo, pita pia kwenye huduma ya mambo ya jamii ya komini yako uombe karatasi inayothibitisha hali hiyo. Inaweza kukusaidia hospitali.

Hatua ya tatu: ione shule kabla ya kuandika

Nenda siku ya masomo, si siku ya likizo, uone darasa likiwa na watoto ndani. Tangu mwaka 2019, shule ya msingi ya serikali ilipofanywa bure, madarasa mengi yamejaa, watoto wanabanana kwenye benchi. Materneli haimo katika bure hiyo, kwa hiyo uliza mapema bei na namna ya kulipa kidogo kidogo. Angalia choo: mlango una upana gani, kuna ngazi ngapi, kuna mahali pa kushika? Angalia uwanja wakati wa mvua, kwa sababu mtoto wa magongo hawezi kuvuka tope la komini zetu za Katuba au Kenya mwezi wa Januari bila mtu. Mimi ningechagua shule ya karibu yenye mwalimu mpole kuliko shule yenye jina inayohitaji basi mbili.

Kwa mtoto kiziwi shauri langu ni tofauti kidogo. Kumweka kwenye darasa la kawaida ambako hakuna hata mmoja anayejua lugha ya alama ni kumwacha peke yake kati ya watu. Ulizia kwanza shule yenye walimu wa lugha hiyo, na nyumbani wote mjifunze, babu na kaka pia. Elimu maalum imo katika sheria ya elimu ya mwaka 2014. Kumpeleka huko si kumtupa.

Hatua ya nne: barua

Ombi lenyewe ni barua kwa direkta. Huandikwa kwa Kifaransa, na kama Kifaransa chako ni kidogo mwombe mwalimu au jirani aliyesoma akuandikie, lakini mawazo yawe yako. Wengi wanaandika, «Mtoto wetu ni mgonjwa, tunaomba mtusaidie.» Barua ya namna hiyo inamwachia direkta mzigo wote. Andika hivi:

«Mtoto wangu ana miaka 4. Anaelewa yote anayoambiwa kwa Kiswahili, anasema polepole, anakula mwenyewe akiwekewa sahani mbele. Hawezi kusimama bila kushika kitu. Ninaomba akae karibu na mlango, kwenye kiti chenye mikono ambacho nitakileta mwenyewe. Saa ya mapumziko shangazi yake atakuja kumpeleka chooni.»

Katika mistari hiyo michache direkta ameona mtoto, ameona unachoomba, na ameona wewe utafanya nini. Ambatisha kopi ya cheti, ripoti ya daktari, karatasi ya chanjo na picha ndogo.

Hatua ya tano: kuipeleka

Ipeleke kabla ya likizo kubwa, kwa maana masomo yanaanza Septemba na mwezi huo nafasi zimekwisha. Chukua barua mbili zinazofanana. Moja inabaki, nyingine sekretere anaipiga kashe, anaandika tarehe na sahihi, unarudi nayo. Bila kopi hiyo huna ushahidi kwamba uliomba. Nenda na mtoto, awe amelala vizuri na amekula.

Ukikataliwa

Mara nyingi utajibiwa kwa upole: «Mama, huyu mutoto hapa hatutamuweza, mumupeleke kwa wenzake.» Usigombane. Sema, «Papa Direkta, nimesikia. Ninaomba jibu hilo uniandikie.» Wengine wakifika hapo wanakaa tena na kuanza kuzungumza: labda ajaribiwe nusu siku, labda mwalimu fulani atakubali. Kubali jaribio hilo, mradi lina tarehe ya kuanza na ya kuangalia limefikia wapi.

Kama bado ni hapana, peleka kopi ya barua na jibu kwa su-proved, yaani ofisi ya serikali inayosimamia shule za sehemu yako, na kama shule ni ya Wakatoliki, Waprotestanti au dhehebu jingine lenye mkataba na serikali, pia kwa kordinasyo yao, yaani ofisi inayosimamia shule zao. Divas, ofisi ya mkoa ya mambo ya jamii, nayo inahusika na watu wenye ulemavu. Katika barua hiyo taja sheria bila maneno makali: Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 43, inayosema shule ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali, sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu. Ukipata chama cha wazazi au cha watu wenye ulemavu, msiende mmoja mmoja.

Akiisha kupokelewa

Wiki ya kwanza kaa na mwalimu dakika chache, umwonyeshe namna ya kumwinua mtoto bila kumvuta mkono, na umwambie dalili za kuchoka au za kifafa kama anacho. Mazoezi ya kine yasikatike kwa sababu shule imeanza. Panga yawe mchana. Na kila mwaka, kabla ya likizo kubwa, onana na mwalimu wa darasa linalofuata ukiwa na barua mpya, kwa sababu mtoto amekua na anachohitaji kimebadilika.