Kabla ya Kwenda Kupima Mishipa ya Damu

Ukipewa rufaa ya kupima mishipa ya miguu, iwe Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili au hospitali nyingine ya Dar, anza kuyapanga maelezo yako ukiwa bado nyumbani. "Miguu inauma" haitoshi. Ateri hupeleka damu kutoka kwenye moyo kwa msukumo mkubwa, ndiyo maana ukuta wake ni mnene: tabaka tatu, la katikati likiwa na misuli. Mafuta yakijijenga ndani ya ukuta huo, njia hupungua. Unashuka daladala, unatembea kidogo, kigimbi kinabana; ukisimama dakika chache kinaachia, ukiendelea kinabana tena. Vena, zinazorudisha damu kwenye moyo, zina ukuta mwembamba na vali, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi chini. Vali zikilegea, aliyeshinda amesimama gengeni anavimba miguu jioni, na akiiinua anapata nafuu. Kwa hiyo chunguza: maumivu huja ukitembea au ukisimama? Mguu mmoja au yote? Majibu hayo humwonyesha daktari pa kuanzia.

Beba dawa zote na maboksi yake, maana "kile kidonge cheupe" wanakisikia kila siku. Dawa ya presha meza kama kawaida, isipokuwa umeambiwa vinginevyo.

Siku yenyewe toka mapema. Ukitoka kwenye foleni ya Mbagala na kuingia unahema, presha itasoma juu bure. Kaa kimya dakika 5, miguu chini bila kukunja nne. Kahawa na sigara viwe mbali angalau dakika 30 kabla, na haja ndogo uwe umemaliza. Kama nesi ana haraka, omba upumzike kwanza; ni haki yako. Presha hupimwa pia kwenye kifundo cha mguu na kulinganishwa na ya mkono. Ukigawanya ya kifundo kwa ya mkono, uwiano ukiwa chini ya 0.90, ateri za mguu zinatiliwa shaka. Jinzi ya kubana iache nyumbani.

Ultrasaundi ya miguu haihitaji kufunga kula, ya tumboni mara nyingi inahitaji. Kwa CT ya mishipa (picha za eksirei za kompyuta) yenye dawa ya kuchomwa sindano, taja mapema kama una shida ya figo au mzio, au unatumia metformin, dawa ya kisukari.

Ila mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, au ukawa wa baridi na ganzi, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda dharura saa hiyohiyo, na uliovimba usikubali mtu auchue: damu iliyoganda inaweza kung'oka ikaenda mapafuni.