Mshono Haukauki? Ulizia na Usiku wa Mgonjwa

Kazi yangu ni kusafisha na kufunga vidonda. Nakuandikia wewe uliyemrudisha mgonjwa nyumbani na mshono wake, au na kidonda cha ajali, ukaambiwa umlete kila baada ya siku mbili tatu. Gozi na plasta tuachie sisi. Haya ni ya kule nyumbani, maana kidonda kinakaa huko muda mrefu kuliko kinavyokaa mbele yangu.

Kwanza, kidonda kikichelewa kupona, usikimbilie kusema "ni mawazo". Apimwe sukari. Kidonda kikinuka, kikitoa usaha, wekundu ukisambaa au homa ikipanda, mlete leo leo, usingoje tarehe ya kadi. Nakerwa sana na ndugu wanaomwambia mgonjwa "huponi kwa sababu unawaza mno", kumbe sukari ipo juu na hakuna aliyeipima.

Hayo yakishaangaliwa, ndipo tuzungumzie kichwa, maana nacho kimo. Mtu akiwa na hofu isiyoisha, ubongo unaziamuru tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga kotisoli kwenye damu. Kwa muda mfupi homoni hiyo inasaidia. Ikiwa juu siku baada ya siku, inazipoza seli nyeupe. Na kidonda kibichi kinazihitaji seli hizo zije kwa wingi mwanzoni kabisa: ndizo zinazokula bakteria, zinazoondoa nyama iliyokufa na kuziita seli za kujenga nyama mpya. Uvimbe na joto la siku za kwanza ni kazi yao. Mtu anayemeza prednisolone muda mrefu huchelewa kupona vidonda kwa sababu hiyo hiyo. Dawa ile ni ndugu wa kotisoli.

Limepimwa jambo hili. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, waliwatoboa mkononi kijidonda cha milimita 3.5 wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu waliopotewa na kumbukumbu, na wengine 13 wasiouguza mtu. Wasiouguza walipona kwa wastani wa siku 39, wauguzaji karibu siku 49. Mwaka 1998 wakaja wanafunzi 11 wa udaktari wa meno: kidonda kwenye kaakaa, kimoja wakati wa likizo, kingine siku 3 kabla ya mtihani. Cha mtihani kilichelewa kwa asilimia 40. Vijana wazima hao, tena mtihani wenyewe wa kawaida tu.

Sasa la kufanya. Anza na usiku. Usimuulize mgonjwa "umelalaje", atakujibu salama. Muulize kama adhana ya alfajiri ilimkuta macho. Akisema ndiyo, siku ya pili ndiyo, tafuta kinachomwamsha. Mara nyingi ni maumivu, basi dozi ya mwisho ya siku ya dawa ya maumivu aliyoandikiwa mpangie aimeze karibu na kulala, bila kuzidisha kipimo. Pengine ni mguu ulioinuliwa juu ya mto ukasukuma chandarua, mbu wakapata njia. Kitandike upya ukichomeke vizuri. Simu ilale chumba kingine.

Kuvumilia maumivu hakumpi mtu sifa kwangu. Maumivu nayo yanaziamsha tezi zile zile. Kama ameandikiwa panadoli, ameze nusu saa hivi kabla ya kuja kwangu. Na gozi iliyogandia isibanduliwe kavu hata siku moja. Hapa kwetu ninailowesha, kisha namwambia mgonjwa atoe pumzi polepole kwa mdomo ninapoivuta. Sidai kwamba pumzi inafunga kidonda, ila mguu unalegea, na mimi nafanya kazi yangu bila kugombana naye.

Neno "usiwaze" liache. Tafuta wazo lenyewe, lenye jina na kiasi cha pesa. Nilikuwa na kijana wa bodaboda, kidonda kwenye ugoko, sukari sawa, usaha hakuna, lakini sehemu ya kati ilibaki na utando wa njano wiki hadi wiki. Kila nikimfunga simu inaita: tajiri anataka hesabu yake. Kaka yake aliyekuwa anamsindikiza akasikia, wakakubaliana pikipiki aichukue deiwaka, hesabu iende, kijana abakiwe na kidogo. Baada ya hapo alianza kulala, na nyama nyekundu ikaanza kuonekana pembeni. Nilikuwa namsafisha pia, kwa hiyo siwezi kusema simu peke yake ndiyo iliyomponya. Ila zaburi na nasaha alishapewa nyingi kabla ya hapo, na zote zilimwacha macho.

Pombe ya "kupoteza mawazo" na sigara vyote vinachelewesha kidonda, kwa hiyo hapo anajikata mara mbili. Wageni wanaokuja kumjulia hali waje, wakae kidogo. Yule mwenye hadithi ya jirani aliyekatwa mguu apelekwe uani akanywe chai.

Kuna upande wa pili ambao familia nyingi hawaujui. Seli nyeupe zikiwa kazini zinatoa kemikali zinazopeleka habari ubongoni, nyingine kwa damu, nyingine kupitia neva ndefu ya vagasi. Ubongo ukipata habari hiyo unapandisha joto, unakata hamu ya kula, unamfanya mtu atake kulala na kuchukia maneno. Umeyaona hayo kwa mwenye malaria. Kwa hiyo mgonjwa akinuna ghafla na kusukuma sahani, usimwambie anadeka. Shika paji la uso, pima joto, angalia kidonda.

Wewe muuguzaji nawe umo. Wale wanawake 13 walikuwa wenzako. Gawaneni zamu, na aliyekesha leo asiamshwe alfajiri kufua mashuka. Kisu cha jikoni kikikukata, usifunge kitambaa ukanyamaza. Siku unayomleta mgonjwa njoo na kidole chako pia, nitakiosha.