Implicit: jinsi ya kulitumia bila kujikanyaga

Hii nawaandikia wanafunzi wa kidato cha tano na sita hapa Mtwara na Lindi, pamoja na nyie wa bandarini na wa kwenye korosho mnaopokea imeili za wanunuzi wa nje afu mnanitumia skrinshoti, "mwalimu, hapa wamemaanisha nini?" Neno implicit linasumbua kwa sababu kamusi inaanza na maana ya "isiyosemwa wazi" na watu wengi wanaishia hapohapo. Matamshi tuyamalize kwanza: im-PLI-sit, mkazo uko katikati na ile c inasomeka s.

Hatua ya 1: jiulize kama kuna ujumbe umefika bila kutamkwa

Jirani yako pale Chikongola anakwambia, "Redio yako mpya ina sauti nzuri bwana, mi nikiwa kitandani kwangu nasikia mpaka taarifa ya habari." Hajakwambia punguza, tena kakusifia kabisa, lakini we mwenyewe ukiingia ndani unapunguza. Hiyo ni implicit criticism. Angegonga mlango akasema zima redio nataka kulala, hapo ni explicit, mpinzani wake. Kipimo changu ni hiki: ukiulizwa "kasema hivyo?" unajibu hapana, ukiulizwa "kamaanisha hivyo?" unajibu ndio. Maneno linayopenda kuongozana nayo ni threat, promise, warning, agreement, message na assumption.

Hii assumption, yani jambo mtu analolichukulia kuwa kweli bila kulisema, ndo ya kukaa nayo, maana ndo inayogharimu hela. Mnunuzi kaandika "Please confirm the loading date at Mtwara port." Unaona kaomba tarehe tu, sio? Soma tena. Kuna implicit assumption kwamba mzigo ni wako tayari, na nyingine kwamba utapakiwa Mtwara na sio Dar. Sasa kama korosho zenyewe bado ziko ghala la Newala zinasubiri mnada na we ukamjibu "15 December", umeshakubali yote matatu bila kujua, na yeye ataanza kupanga meli kwa jibu lako. Kabla hujajibu imeili yoyote andika pembeni kwa Kiswahili, "huyu anachukulia kwamba...", ukimaliza orodha ndo ujibu.

Hatua ya 2: angalia kama linafuatiwa na in

"Risk is implicit in deep-sea fishing." Hapa hakuna mtu anayefumba kitu, ni kwamba hatari imo humohumo kwenye kazi yenyewe, ukichukua uvuvi umeichukua na hatari. Ni in, sio on wala at. Basi.

Hatua ya 3: ukiona trust, faith, confidence au obedience, simama

"I have implicit trust in my captain." Nusu ya darasa wataandika "namwamini nahodha wangu kimyakimya", na hapo maksi zimeenda. Maana yake namwamini asilimia mia, simhoji. Hata kama anamsifia kwa kipaza sauti kila siku bado ni implicit, kwaio ile habari ya kusema au kutosema iweke pembeni kabisa.

Imekuwaje neno moja likabeba hivi vyote? Limetoka kwenye Kilatini, implicare, kukunja kitu ndani ya kingine. Wanatheolojia wa Kanisa Katoliki walikuwa na fides implicita, yani muumini wa kawaida hajui kila fundisho moja moja ila anayakubali yote kwa sababu analiamini Kanisa linaloyafundisha, imani ya yale asiyoyajua imekunjwa ndani ya hiyo. Kiingereza kikalichukua kama implicit faith, na kwa vile mtu wa namna hiyo haulizi maswali, maana ikasogea mpaka kuwa "bila kuhoji". Ndo maana tunasema pia obey implicitly, kutii bila ubishi.

Hatua ya 4: kwenye saikolojia ni kitu kilichomo hata mwenyewe hajui

Implicit bias ni upendeleo ambao mtu anao bila kuutambua. Greenwald na Banaji, wanasaikolojia wa Marekani, ndo waliolisukuma wazo hili kwenye andiko lao la 1995. Usitafsiri "upendeleo wa mafumbo", mwenye fumbo anajua anachofumba.

Hatua ya 5: tenganisha na implied

Mara nyingi yanabadilishana bila shida, ila kwenye mikataba wanasheria wanapenda implied. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inazungumzia implied condition, sharti ambalo sheria inalihesabu limo hata kama hamkuliandika. Ukiandika mkataba fuata mazoea yao.

Wa hesabu, kwenu ni rahisi: x² + y² = 25 ni implicit kwa sababu y haijatolewa ikakaa peke yake. Mteremko wake ni −x/y, kwenye (3, 4) unapata −3/4.

Jaribu hizi: "She obeyed him implicitly." "His silence was an implicit refusal." "Delay is implicit in the plan." Ya kwanza ni hatua ya 3, ya pili hatua ya 1, ya tatu hatua ya 2. Aliyeitafsiri ya kwanza "alimtii kimoyomoyo" arudi juu.