Kuamsha viazi vya dalia ndani ya nyumba kabla baridi haijaondoka

Penye majira mafupi ya joto, dalia (mmea wa maua unaoota kutoka kwenye viazi) iliyopandwa moja kwa moja bustanini huanza kuchanua msimu ukiwa umeshakaribia kufunga. Unavuna maua wiki chache, kisha jalidi, ule umande unaoganda alfajiri, inatua juu ya majani na kukipambazuka mmea mzima umekuwa mweusi. Ndiyo maana viazi vyangu huviamsha ndani, wiki nne hadi sita kabla ya wakati ambao jalidi ya mwisho hutarajiwa. Si nane, wala kumi. Anayewahi mno hujikuta na miche mirefu, dhaifu, inayogombea dirisha moja, na huko nje bado hakuna pa kuipeleka.

Dalia asili yake ni nyanda za juu za Mexico na Amerika ya Kati. Hupenda jua la kutosha mchana na ubaridi kidogo usiku, lakini kuganda haiwezi kabisa. Kiazi chake ni ghala: kimeumbwa kuvuka miezi mikavu kikiwa kimelala, maji na chakula vimo humohumo. Hilo la ghala lishike vizuri, kwa sababu viazi vingi vinavyofia ndani ya nyumba haviuawi na baridi wala kiu. Vinaoza kwa kumwagiliwa wakati havijahitaji tone.

Kabla ya chungu na udongo, tafuta jicho. Kiazi cha dalia kitaalamu ni mzizi ulionenepa, hakina macho kila upande kama kiazi ulaya. Macho yake yako mahali pamoja tu, shingoni, pale kiazi kinapoungana na kipande cha shina la msimu uliopita. Kiazi kinono kilichokatika bila kipande hicho kinaweza kutoa mizizi na kukaa kibichi miezi mingi, lakini hakitachipua kamwe. Chembamba cha unene wa kidole, chenye jicho zima, kinakupa mmea wa kimo cha mtu. Kwa hiyo usinunue kwa ukubwa.

Mimi hukishika kiazi karibu na dirisha na kukigeuzageuza ili mwanga ukiangukie kwa ubavu. Jicho lililolala ni kivimbe kidogo mithili ya chunusi changa, mara nyingi kwenye ukingo wa ile duara ya shina kuukuu. Likianza kuamka linakuwa na wekundu, ukijani au zambarau, kutegemea aina. Usipoona kitu, usiharakishe kulaumu macho yako wala kiazi. Kilaze kwenye trei yenye mboji yenye unyevunyevu, mahali penye nyuzijoto 18 hadi 20 za Selsiasi, kisha kichungulie kila baada ya siku chache. Macho yatajitokeza yenyewe. Hata rundo zima, yaani viazi kadhaa vilivyoshikana kwenye shina moja, ninalotaka kuligawa hulifanyia hivyo kwanza, kwa sababu kukata rundo ambalo macho hayajaonekana ni bahati nasibu.

Shingo nayo ikague. Shika mwili wa kiazi kwa mkono mmoja na kipande cha shina kwa mwingine, tikisa taratibu. Shingo nzima inakaza. Iliyovunjika kwa ndani inalegea na kuning'inia, japo ngozi ya nje bado imeishikilia, na kiazi hicho hakiwezi tena kulilisha jicho. Makunyanzi kidogo ya kukauka hayana neno. Kinachobonyea na kutoa harufu kimeoza: kata mpaka ufike kwenye nyama nyeupe, na kama weupe huo umefika shingoni ukiwa salama, kiazi kimepona.

Unapogawa tumia kisu kikali, na ukifute kwa spiriti kila unapohama kutoka rundo moja kwenda jingine, kwani kisu hubeba magonjwa. Kila kipande kiwe na jicho lake. Acha vidonda vikauke siku moja au mbili hewani kabla havijagusana na udongo. Na andika jina papo hapo, kwa penseli, kwenye kibao cha kila chungu. Wino wa kalamu nyingi hupauka juani, na viazi vyote vya dalia vinafanana. Ukishachanganya, subira yako ni mpaka maua yachanue.

Chungu cha lita mbili au tatu kinatosha, ila lazima kiwe na matundu chini. Mboji iwe nyepesi. Mimi huichanganya na mchanga mkavu wa chengachenga ili maji yasituame. Kipimo changu cha unyevu ni ngumi: ikamate mboji, ibane kwa nguvu. Ikishikamana bila kudondosha hata tone kati ya vidole, imekaa sawa. Ikidondosha, itandaze ikauke kwanza. Laza kiazi, kifunike, lakini shingo iache usawa wa udongo ili jicho ulione. Kisha weka kopo la kumwagilia mbali na wewe. Mpaka chipukizi litoke, kiazi hakina mizizi ya kunywa hayo maji unayotaka kukihurumia nayo. Yatabaki yamekizunguka tu. Mboji ikikauka kabisa juu, nyunyiza kidogo pembeni mwa chungu, usiipige shingo.

Joto la nyuzi 15 hadi 20 linatosha kuamsha. Juu ya friji ni mahali pazuri, na katika hatua hii giza si tatizo. Aina nyingine huchipua ndani ya wiki mbili, nyingine hupitisha mwezi bila dalili yoyote. Usizifukue. Gusa shingo kwa kidole. Maadamu ni ngumu, kiazi kiko hai.

Siku chipukizi linapochomoza, mambo yanageuka. Sasa mwanga ndio kila kitu, na joto jingi bila mwanga ni adui: mche hurefuka ukitafuta jua, shina linakuwa jembamba, jeupejeupe, na halitakuja kuwa imara. Dirisha la majira ya baridi mara nyingi halitoshi. Taa za mrija za kawaida zinafaa, mradi zikae sentimita 5 hadi 10 juu ya ncha na zipandishwe kadiri mche unavyokua. Ziwashe saa 14 kwa siku, kwa swichi ya saa kama unayo. Hilo la saa 14 si mapambo. Dalia huhisi urefu wa mchana, na mchana ukiwa mfupi huelekeza nguvu kwenye kutengeneza viazi badala ya majani. Chumba chenyewe nakipenda kiwe na ubaridi kiasi, karibu nyuzi 15. Mche unakuwa mfupi, mnene, na majani yanakolea rangi.

Kiazi kikitoa machipukizi mengi, hiyo ni neema ya bure. Chipukizi la sentimita 7 au 8 likate kwa wembe, ukiacha kisiki kifupi juu ya kiazi, maana hapo yatatoka mengine. Ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, weka kwenye joto na mwanga usio wa jua kali. Mizizi huja baada ya wiki mbili au tatu. Chagua machipukizi membamba, yaliyojaa ndani; yale manene yenye uwazi katikati huoza zaidi ya kushika. Mimea hii ya vipandikizi huchanua mwaka uleule na kufanya viazi vyake.

Mche ukifikisha jozi tatu au nne za majani, kata ncha ya katikati juu tu ya jozi ya mwisho. Wengi huona uchungu hapa. Usipokata unapata shina moja refu na maua machache. Ukikata, matawi hutoka kila kwapa la jani.

Kuutoa mche nje kunataka wiki moja hadi siku kumi za kuzoesha. Anza na saa moja au mbili kivulini, pasipo upepo, kisha ongeza muda na jua. Jua la ghafla hubabua majani, na upepo ni mbaya kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa shina lililokulia ndani halijawahi kutikiswa. Bustanini usiangalie kalenda, angalia udongo: chomeka kipimajoto kina cha sentimita 10 asubuhi, na ukisoma nyuzi 15 siku kadhaa mfululizo, panda. Simika mti wa kuegemeza kwanza, ndipo uweke mche, ili usije ukakichoma kiazi baadaye. Kiazi kikae chini kiasi cha sentimita 10 hadi 15, na nafasi kati ya mmea na mmea iwe sentimita 45 hadi 60. Mbolea yenye naitrojeni nyingi iache. Itakupa kichaka cha majani.

Makoa na konokono hupenda dalia changa kuliko kitu kingine, na usiku mmoja unawatosha kuumaliza mche. Toka na tochi giza likishaingia, hasa baada ya mvua, uwaokote.

Jalidi ikitabiriwa baada ya kupanda, funika kila mche kwa ndoo iliyogeuzwa, uiondoe asubuhi baridi ikishavunjika. Na kama imekuwahi, majani yakawa meusi, usiking'oe kiazi. Kata kilichoungua, acha udongo ulivyo. Macho yaliyo chini mara nyingi huwa salama, na huchipua upya.