Ukikutana na boti ya wahamiaji ziwani, fanya hivi

Ndugu zangu wa Kyela, Matema na Itungi, nyie ambao kila siku mko Ziwa Nyasa, nawaombeni msome hii. Ukiona boti imejaza wahamiaji, labda Waethiopia wanaotafuta njia ya Afrika Kusini, usiwafuate ubavuni kwa kasi, maana wakikuona tu wote wanakimbilia upande wako na boti inapinduka palepale. Ndo kilichotokea Lampedusa kule Italia tarehe 3 Oktoba 2013, moto uliwaka ndani ya boti, watu wakarundikana upande mmoja, wakafa zaidi ya 360.

Kwahiyo simama mbali kidogo, punguza mashine, waoneshe kwa mkono wakae chini, Kiswahili wengi hawajui ila sura ya upole wanaielewa. Maboya kwanza, kama huna warushie madumu matupu yaliyofungwa vizuri. Halafu piga 112.

Mkifika nchi kavu nguo mbichi zitoke, wape khanga au blanketi, maji wanywe kidogo kidogo, na aliyekaa na njaa siku nyingi usimjazie ugali hata kama roho inakuuma, anza na uji mwepesi. Mtoto asitenganishwe na mama yake, polisi wakija waambie kabisa huyu ni wa huyu.

Na simu weka mfukoni jamani, msiwapige picha. Waulize majina uyaandike mahali, akizidiwa mtu hapo ndo angalau mama yake atajua.